Risala ya Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata na Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,
Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu na Afisa Lishe,
Wazee wetu, wazazi wenzetu na watoto wetu,
Mabibi na mabwana,

Kamwene!

Tunamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama. Barabara ya kupandia huku tunaijua, na gari lako limekwisha kueleza hali yake kuliko tutakavyoweza sisi. Hilo wenzetu watalisema siku nyingine. Leo tumekuja na habari za watoto.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi ni wahudumu sita, wanawake wanne na wanaume wawili. Kila baada ya miezi mitatu tunapima watoto wote wa kijiji walio chini ya miaka mitano, hapo chini ya mparachichi unapoona mizani imening'inia. Tunaomba utuvumilie tukueleze upimaji wa mtoto mmoja tu, kwa sababu ndani yake mna karibu yote tuliyokuitia.

Alikuwa mtoto wa kiume wa miezi 23. Umri tuliusoma kwenye kadi ya kliniki, hatukukisia. Tulimvua sweta na suruali, akalia kwa baridi, mama yake naye akatukasirikia, na haki alikuwa nayo, kwani Juni ya Iringa haina huruma. Ila sweta zito likipanda kwenye mizani, linahesabiwa kama nyama ya mtoto. Uzito ulikuwa kilo 10 na gramu 200, mzuri tu. Tukamzungushia mkononi utepe wa rangi, ambao kuanzia sentimita 12 na nusu ni kijani, chini ya hapo ni njano, na chini ya 11 na nusu ni nyekundu. Mtoto alisoma 14. Kijani safi. Siku ya kawaida tungeandika "hali nzuri" na kumwita anayefuata.

Siku hiyo tulikuwa tumeazima ubao wa kupimia urefu. Mmoja wetu akashika kichwa kiguse ubao wa juu, mwingine akanyoosha magoti na kusogeza kibao mpaka kwenye nyayo, wa tatu akasoma: sentimita 79 na nusu. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa umri huo huwa na kama sentimita 87, na akishuka chini ya 81 hivi anahesabiwa kuwa na udumavu. Vipimo hivyo, mheshimiwa, si vya Wazungu kama tunavyoambiwa vilabuni. Vilitolewa mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, na ilionekana kwamba mtoto aliyelishwa vizuri na kutunzwa vizuri hukua kwa mwendo unaofanana kokote alikozaliwa.

Bibi yake alitujibu pale pale: "Huyu ni wa ukoo wetu, sisi ni wafupi." Hatukubishana naye. Tulimuuliza mama mtoto amekula nini tangu jana asubuhi. Akataja uji wa mahindi, ugali, maharage, viazi, na kwamba bado ananyonya. Ukisikiliza haraka utaona vyakula ni vingi. Katika hesabu ya lishe, uji, ugali na viazi ni kundi moja. Ukiongeza maharage na maziwa ya mama unapata makundi matatu, na mtoto wa umri huo anatakiwa kufikisha angalau matano kati ya manane kwa siku. Kuku wanataga, mayai yanauzwa kununulia sabuni na madaftari ya kaka yake. Parachichi tulizosimama chini yake zinasubiri mnunuzi anayekuja na mizani yake, nayo haikosi kufika.

Mheshimiwa mgeni rasmi, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa wetu wa Iringa ulikuwa na karibu 57, wa kwanza nchini. Njombe na Rukwa waliotufuata walikuwa kwenye 50. Yaani mikoa inayolisha nchi ndiyo yenye watoto wafupi kuliko umri wao. Afisa ugani anapokuja kukadiria mavuno tunampa hesabu ya magunia, hesabu hiyo inapanda mpaka wizarani, na miaka hii utoshelevu wa chakula kitaifa umekuwa ukivuka asilimia 100. Hatupingi, maghala tunayaona. Ila gunia halisemi limeuzwa mwezi gani, wala nani alikula nini Februari, wakati mahindi mapya bado mabichi shambani na akina mama wanashinda kwenye palizi, mtoto ameachiwa dada yake wa miaka minane na sufuria ya uji wa asubuhi. Anayekuja kutuuliza Julai atatukuta tumeshiba. Tunafurahi kwamba Mfumo wa Uchambuzi wa Uhakika wa Chakula na Lishe, MUCHALI, unayaweka pamoja mavuno, bei za sokoni na hali ya watoto. Tungependa tu hali ya watoto inayopelekwa huko iwe imepimwa kweli.

Na msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mheshimiwa, tunauacha kama ulivyo. Wazee wako hapa wanatutazama.

Mkoa huu si mgeni wa mizani. Mwaka 1983 Serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilianzisha hapa Iringa mradi wa lishe katika vijiji 168. Baadhi ya mama zetu walitupeleka kupimwa siku zile, na wengine kati yetu ndio tunaopima leo. Wanachokumbuka zaidi mama zetu ni kwamba matokeo yalijadiliwa kwanza na kamati ya kijiji: nani ameshuka, kwa nini, tufanye nini. Ndipo yakapelekwa kata na wilaya. Mafunzo ya Iringa ndiyo yaliyoisaidia UNICEF kuandaa mwongozo wake wa mwaka 1990 kuhusu vyanzo vya utapiamlo, unaotumika duniani mpaka sasa.

Siku hizi takwimu zetu zinapanda na hazishuki. Tunajaza fomu, tunazipeleka, na robo ikiisha tunajaza nyingine. Mwaka jana mwenyekiti alituuliza kwenye mkutano wa kijiji ni kitongoji gani kina udumavu zaidi. Tulitazamana. Tuliopima wenyewe hatukuwa na jibu, maana nakala hatukubaki nayo.

Tunaomba mambo mawili. Ubao wa kupimia urefu uwe wa kijiji, maana huo tulioazima unazunguka kata nzima na siku ya zamu yetu mara nyingi uko kwingine. Tunafahamu halmashauri hutakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, na mkataba wa lishe uliosainiwa mwaka 2022 unalifuatilia hilo. Tunaomba ubao utoke humo. La pili halina gharama: kila robo matokeo yetu yarudi, yabandikwe hapo ofisi ya kijiji kwa idadi ya kila kitongoji, bila jina la mtoto, na yawe ajenda ya mkutano.

Yule mtoto sasa ana miaka miwili na miezi mitano. Mama yake yupo hapa, na amekubali tukuambie kwamba mayai mawili kwa wiki hayaendi tena sokoni. Urefu wake wa sasa hatujui. Ubao haujarudi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji hiki.