Kabla hujasema tumetia maji, tuonyeshe dumu

Hapa dukani kwetu Ngamiani, Tanga, haipiti wiki bila kuambiwa, "Kaka, maziwa yamekatika tena, mmetia maji." Juzi tulimwomba mteja mmoja alete dumu lake. Jeupe, linang'aa. Tukapitisha kidole kwenye pete za ndani ya kizibo: ute. Tukamnusisha. Alicheka, kisha akanyamaza.

"Lakini nimeliosha!" Ni kweli, aliliosha. Waliobaki ni bakteria, wale waliojikunja wakajificha.

Wachachushaji wa maziwa ni jamii nyingi, ila bakteria anayefahamika kuliko wote ni E. kolai, yule wa kinyesi, na maziwani huingia pia. Uzi wake wa DNA, ule unaobeba maelekezo yake ya urithi, una urefu wa milimita 1.5 hivi, mwili wenyewe mikroni 2, yaani sehemu mbili za elfu za milimita. Mwili ungekuwa na urefu wa kiberiti, uzi ungekaribia mita 40! Wasuka mikeka mnaelewa: ukili hauachwi ukatapakaa, huviringishwa. Kazi hiyo hufanywa na protini zinazoushika uzi, kama HU, ambayo huupinda.

Njaa ikimkamata, mambo hubadilika. Protini iitwayo Dps hujazana, ikajipanga na uzi kama fuwele za chumvi, na vitu vinavyounguza DNA, kama haidrojeni peroksaidi, havimdhuru kirahisi. Hivyo ndivyo anavyongoja kwenye ufa wa dumu.

Sasa mmiminie maziwa yenye uvuguvugu, kwa joto hili letu la Tanga. Dps hupungua. Protini nyingine, Fis, ambayo haikufika hata molekuli 100 mwilini mwake, hupanda kupita 50,000, na jeni za kujenga raibosomu, viwanda vyake vya protini, hufanya kazi mbio. Akipata joto la mwili wa mtu hugawanyika kila dakika 20. Mmoja akianza saa moja asubuhi, saa tano wapo 4,096. Na kwenye kizibo hakuwa mmoja.

Ndiyo maana hatupimi tena maziwa kwenye dumu. Njoo na sufuria yenye mfuniko, au chukua kopo letu la chuma kwa amana ya shilingi 5,000. Mdomo wake mpana, mkono unaingia wote, nasi hulichemsha kila linaporudi. Dumu la plastiki ukilimwagia maji yanayochemka laweza kujikunja lenyewe.

Madumu msiyatupe. Kwa mafuta ya taa yanafaa sana.