Korse ya Danieli na Kursi yako

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi, na mama nisalimie sana. Uliniuliza ni neno gani la Kiaramu limefasiriwa "viti vya enzi" katika Danieli 7:9. Ni korse, vikiwa vingi, korsawan. Wewe unalijua tangu chuoni: ni ndugu wa kursi, ile ya Ayatul Kursi. Mfalme Bar-Rakib wa Samal, katika Uturuki ya leo, alilichonga jiweni karne ya 8 kabla ya Kristo, akitangaza kwamba mungu wake na Tiglath-Pileser, mfalme wa Ashuru, ndio waliomketisha kwenye kiti cha baba yake.

Mimi naona hilo "enzi" tumeliongeza mapema mno. Danieli 5:20, penye habari za Nebukadneza, maandiko yanasema korse malkuteh, kiti cha ufalme wake. Ufalme umetajwa waziwazi. Katika 7:9 haukutajwa. Viti vinawekwa, Mzee wa Siku, yaani Mungu, anaketi, na aya inayofuata baraza la hukumu linakaa na vitabu vinafunguliwa. Ningeandika "viti" tu hapo mwanzo, nikaliweka "enzi" kwa kile kimoja chenye ndimi za moto na magurudumu yanayowaka.

Lakini kwa nini viwe vingi? Hapo ndipo usingizi huniruka. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, katika kitabu chake kiitwacho Hagiga, inasimulia kwamba Rabi Akiva alisema kimoja ni cha Mungu na kingine cha Daudi. Rabi Yose wa Galilaya akamkemea: mpaka lini utaufanya Utukufu wa Mungu kuwa jambo la kawaida? Akasema yeye kwamba kimoja ni cha haki, kingine cha huruma. Rabi Elazari bin Azaria hakukubali hata hilo. Kimoja ni cha kukalia, alisema, na kingine cha kuwekea miguu.

Salma, soma tena hiyo ya mwisho! Maana wafasiri wenu wa Kurani nao wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, kwamba Kursi ni mahali pa nyayo, na Arshi, kiti cha enzi chenyewe, ni kitu kingine kikubwa zaidi. Ipo pia riwaya yake kwamba Kursi ni elimu ya Mwenyezi Mungu. Muulize maalim wako anaishika ipi, na kwa hoja gani, kisha uniandikie kwa urefu.

Wako akupendaye,
Neema