Malalamiko kuhusu matone ya sikio: chupa haifiki siku ilizoandikiwa

Lamu, 9 Juni 2025

Kwa Meneja wa Ubora,

YAH: MATONE YA SIKIO YENYE NEOMAISINI, KLOTRIMAZOLI, BEKLOMETASONI NA LIGNOKEINI, CHUPA YA ML 5

Sisi ni wauzaji wa dawa na maafisa wa kliniki wa hapa Amu, mji wa Lamu. Namba ya bechi na picha za chupa zimo kwenye fomu tuliyoambatanisha.

Boksi lenu linasema matone 4, mara 3 kwa siku, kwa siku 7. Hayo ni matone 84 kwa sikio moja. Kwa kawaida ml 1 huhesabiwa kuwa matone 20 hivi, kwa hiyo ml 5 zingetoa 100 na akiba ingebaki. Tulichukua chupa tatu za bechi moja, tukazishika wima na kudondoshea ndani ya sirinji ya ml 1. Ya kwanza iliijaza kwa matone 13, ya pili 15, ya tatu 14. Tukishika hiyo 14, chupa nzima haizidi matone 70. Mwenye sikio moja bovu anakaukiwa jioni ya siku ya sita. Mwenye masikio mawili haimalizi dozi ya usiku wa siku ya tatu.

Kasoro iko kwenye ncha. Tone hukua kadiri mdomo unaoloweshwa na dawa ulivyo mpana, na ncha za bechi hii ni nene, nyingine zimekatwa mshazari. Chupa nayo ni laini mno. Ukiibana kidogo tu, matone mawili yanatoka kwa mpigo.

Hata hivyo, ncha mtaibadilisha na bado dawa hii itakuwa na tatizo kubwa zaidi, nalo ni yale maneno ya mbele ya boksi: "kwa bakteria na fangasi". Magonjwa haya mawili hayaponi kwa muda sawa. Sikio la nje lenye bakteria, mara nyingi Pseudomonas au Staphylococcus, likitiwa dawa na kukaushwa vizuri hutulia ndani ya wiki hivi. Fangasi haina haraka hiyo. Klotrimazoli, ile dawa ya fangasi, huendelezwa siku 14 baada ya dalili kuondoka, la sivyo ule utando wenye vidoti vyeusi, unaofanana na gazeti lililolowa, unarudi. Tuseme dalili zimeisha kwa wiki moja: hizo ni siku 21, matone 252 kwa sikio moja. Kwa ncha zenu ni chupa nne, na siku zote hizo mgonjwa anatia pia neomaisini, ambayo ni ya bakteria, na steroidi, yaani beklometasoni, asizozihitaji. Kuua bakteria wa kawaida wa sikio kwa muda mrefu ni kuifyekea fangasi shamba, na steroidi inapunguza kinga ya ngozi pale inapotiwa. Lignokeini nayo inatuliza maumivu mapema, kwa hiyo mtu anadhani amepona na kuiweka chupa dirishani. Kwa joto na unyevu wa huku, na watoto wanaoruka majini gatini kutwa nzima, fangasi ndiyo inayotuletea wateja walewale tena na tena.

Halafu kiwambo cha sikio, yaani ngoma ya sikio. Neomaisini ikipita kwenye kiwambo kilichotoboka inaweza kuua seli za kusikia za sikio la ndani, na seli hizo hazioti tena. Onyo hilo mmeliweka ukurasa wa pili wa karatasi ya maelezo, kwa Kiingereza na Kifaransa, kwa herufi za kusomea darubini. Mteja wa Matondoni au Shela hana wa kumtazama sikio kwa otoskopu, kile kifaa cha kuonea ndani ya sikio, kila siku, lakini anaweza kuambiwa jambo rahisi: akionja uchungu wa dawa kooni baada ya kudondosha, kiwambo kina tundu, aache dawa na aende kituo cha afya. Vivyo hivyo sikio linalotoa usaha zaidi ya wiki mbili. Huyo hufaa kukaushwa kwa utambi na kupewa siprofloksasini 0.3%, si dawa yenu.

Karatasi ya Kiswahili inakosekana kabisa, na matumizi ndiyo yanayoharibika zaidi. Dawa haigusi ngozi iliyofunikwa na usaha au utando. Kwanza sokota kipande cha shashi safi kiwe utambi, kiweke kwenye tundu la sikio bila kukisukuma ndani, kinyonye, kitoe, urudie mpaka kitoke kikavu. Shika chupa kiganjani dakika mbili, kwani dawa ya baridi huleta kizunguzungu. Mgonjwa alale ubavu, sikio livutwe juu na nyuma. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu livutwe chini na nyuma. Baada ya matone, bonyeza mara kadhaa kile kinundu cha mbele ya tundu ili dawa ishuke, na alale hivyo dakika 5. Wakati wa kuoga, pamba iliyopakwa vaselini izibe sikio, kisha itolewe. Mafuta ya nazi yasitiwe. Chupa itupwe siku 28 baada ya kufunguliwa. Mnaweza kuyachapisha maneno haya kama yalivyo.

Kartoni nazo zinaanikwa juani Mokowe, gati la upande wa bara, zikingoja boti, ilhali zimeandikwa zisizidi nyuzi 30. Mwambieni wakala wenu azifunike.

Tunataka bechi hii irudishwe kwa gharama yenu. Ncha zipimwe zitoe matone 20 kwa ml 1. Onyo la kiwambo lihamie mbele ya boksi kwa Kiswahili. Na neno "fangasi" liondolewe hapo mbele, au mtuletee klotrimazoli 1% peke yake katika chupa ya ml 15. Hatutaagiza tena dawa hii hadi mtujibu kwa maandishi, na tunatarajia jibu ndani ya siku 14.

Wauzaji wa dawa na maafisa wa kliniki, Amu

Nakala: Bodi ya Dawa na Sumu, Nairobi