Alipewa namba ya Marekani

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani katika soko la Kibuye, Kisumu. Nyumbani Kondele naishi na mpwa wangu aliye kidato cha tatu. Usiku mmoja nilimkuta amejifunika blanketi gubigubi, anachati na ile programu ya akili unde inayojibu kama mtu. Alinipa simu nisome, mkono ukimtetemeka.

Aliiambia habari za karo, za kuchekwa darasani, kisha kwa mstari mmoja tu, kwamba amechoka kuishi. Programu ilimpa pole (pole nzuri, sitaisingizia) halafu ikamwambia apige 988. Alipiga mara tatu, haikuingia. Hiyo ni namba ya Marekani ya kuwasaidia wanaofikiria kujiua! Ya watoto hapa Kenya ni 116, haina malipo, usiku na mchana. Nami niliijua kesho yake, kwa mteja wangu muuguzi aliyeleta sare ipunguzwe kiuno.

Simu hiyohiyo hunionyesha mvua ya Kisumu bila kuulizwa. Waliounda programu hizi wanashindwaje kujua mtoto analilia wapi? Oktoba 2024 mama mmoja wa Florida aliishtaki kampuni ya programu ya aina hii baada ya mwanawe wa miaka 14 kujiua. Huko wana mawakili. Sisi je?

Lakini lililonikosesha usingizi ni jibu la mpwa wangu nilipomuuliza mbona hakuniambia mimi. "Anti, si ungeniitia polisi?" Alikuwa akimkumbuka kijana wa mtaani kwetu aliyeokolewa, akazindukia hospitalini mkono umefungwa pingu kitandani. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kifungo cha hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kinakiuka Katiba. Nani amewaambia watoto? Kwenye baraza za chifu nasikia chang'aa na vitambulisho tu.

Naomba machifu walitangaze hilo, na walimu wakuu waandike 116 nyuma ya milango ya vyoo, mahali mtoto anaweza kuisoma bila kutazamwa. Mimi nimeiandika kwa chaki ya kukatia nguo ubavuni mwa meza ya cherehani. Wanafunzi huisoma wakingoja sare zao.

Fundi wa Kibuye,
Kisumu