Vitabu vya babu yako visigawanywe

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Unguja sote wazima, alhamdulillahi, na kaka yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeupata, kwamba vitabu vya marehemu babu yako tuvigawe: vya tafsiri na fiqhi abaki navyo kaka yako kwa kuwa yeye anasomesha chuoni, vya bahari na historia vije kwako Dar es Salaam kwa kuwa kazi yako ni ya meli. Nimelifikiria jambo hili na sikubaliani nalo. Kabati lile nimelifuta vumbi tangu sijaolewa, naujua mpango wake, na babu yako hakukosea kuvichanganya.

Chukua Suratush-Shura, aya ya 33. Mwenyezi Mungu anasema kuwa akitaka huutuliza upepo, vyombo vikabaki vimesimama juu ya mgongo wa bahari. Ukiisoma aya hiyo peke yake utaielewa, lakini haitakutia baridi. Sasa fungua vitabu vya majahazi uone upepo ulikuwa nini kwa watu wa pwani hii. Kaskazi ikianza kuvuma Desemba iliwaleta watu wa Oman, Kuwait na Hadhramaut na tende zao, chumvi na samaki wakavu. Kusi ikishika kuanzia Aprili, ndiyo ya kurudi, na vyombo vikaondoka vimejaa boriti za mikoko za Rufiji, kwa sababu kule kwao hakukuwa na miti ya kuezekea nyumba. Aliyechelewa kupakia mpaka kusi ikawa kali katikati ya mwaka, safari ilimfungia. Ilimbidi angoje ipungue, huku mabaharia wake wanakula kwa mkopo na mwenye mali anamsubiri Sur ya Oman au Kuwait. Nahodha alikuwa anahesabu siku kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa. Mtu kama huyo, chombo chake kikisimama katikati ya maji bila upepo, aliijua aya hii kwa mwili wake. Babu yako alipoifikia alikuwa akinyamaza kwanza ndipo anaendelea.

Au kisa cha chombo katika Suratul-Kahf, kile cha masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini. Mja mwema, ambaye wafasiri wengi wanamwita Khidhr, anakitoboa, kwani mbele yao yupo mfalme anayepora kila chombo kizima. Nilipokuwa msichana nilikiona ni kisa cha zamani mno, cha mfalme wa mbali. Kisha babu yako akanisomea habari za Wareno wa karne ya 16 na vyeti vyao vilivyoitwa cartaz. Jahazi lililokutwa baharini bila cheti hicho liliweza kutekwa na shehena yake yote, hata kama mwenyewe alikuwa akipita njia aliyopita babu wa babu yake. Tangu siku hiyo yule mfalme wa Suratul-Kahf kwangu si wa mbali tena.

Historia nayo, mwanangu, inamhitaji mtu aliyelelewa na elimu ya dini. Umekua ukisikia kwamba Ahmad bin Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498. Watu wanaisema habari hii kama vile walikuwepo. Ifanyie kile wanavyuoni wetu wanachokifanya kwa hadithi: nani kasema, na kasikia kwa nani? Utakuta aliyeiandika ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanahistoria wa Makka, miongo mingi baada ya safari yenyewe. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja rubani Mwislamu wa Gujarat. Ibn Majid alikuwa mzaliwa wa Julfar, bandari ya Ghuba upande wa Uarabuni, ameandika kitabu kikubwa cha uongozaji wa vyombo na mashairi ya njia za bahari mpaka Sofala, kule Msumbiji. Mtu wa elimu ile kubebeshwa lawama ya kumfungulia Mreno mlango wa India, kwa mnyororo dhaifu kama huo, mimi naona ni dhuluma, na inaniuma kila ninapoisikia inasomeshwa.

Hata Sheikh Abdullah Saleh Farsy hakujigawa. Tafsiri yake ya Kurani iliyochapwa Nairobi mwaka 1969 unaijua, ni ile yenye jalada lililochakaa. Lakini mkono huo huo uliandika maisha ya Seyyid Said bin Sultan na habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Humo utamkuta Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, baba yake mfanyabiashara wa baharini, naye akaja kuwa kadhi mkubwa wa hapa Unguja. Vitabu vya mtu huyo ungevitia upande gani?

Kipo kimoja najua kaka yako atataka kukiondoa: tafsiri ya Kurani ya kasisi Godfrey Dale wa misheni ya UMCA, ya mwaka 1923. Nimemwambia nacho kinakwenda. Tafsiri ile iliwaudhi Waislamu wengi wa pwani, na ya Maahmadiya, kundi ambalo Waislamu wengi hawalikubali, ya mwaka 1953 ikazidisha. Sheikh Abdullah alishika kalamu akijua watu wanasoma hizo. Ukilitupa swali, jibu lake utalisomaje?

Kwa hiyo nimekata shauri kabati zima lije kwako, kwa kuwa wewe una chumba kisichovuja. Kaka yako ameridhia, naye akitaka kitabu atakuja kukisoma kwako au utamwazima. Nimevifunga kwenye makasha, nikatia karafuu katikati kwa ajili ya wadudu. Ukivipanga, vipange kama vilivyofungwa, kasha kwa kasha.

Zile juzuu mbili za Hamyan al-Zad zishike kwa mikono miwili. Ni tafsiri ya mwanachuoni wa madhehebu ya Kiibadhi wa Mzab, Algeria, nayo ilichapwa hapa hapa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, kwenye mtambo wa kuchapa alioanzisha Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Ya pili mshono wake umeachia. Ifunge kwa kitambaa cha pamba, usimpe fundi yeyote aitie gundi mpaka nije mwenyewe. Nakuja baada ya Idi, inshallah.

Mama yako