Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: mifumo isomane kwanza, mingine baadaye

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: KUBADILISHANA TAARIFA ZA WAGONJWA KATI YA VITUO VYA MKOA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaoandika ni watunza kumbukumbu, wataalamu wa maabara, maofisa TEHAMA na watengeneza programu tunaoshughulika na mifumo hii kila siku hapa Tanga. Ombi letu ni moja. Kabla mkoa haujapokea mfumo mwingine wowote, uwe wa kununua au wa msaada, tukubaliane kwa maandishi namna mifumo itakavyopeana taarifa, kisha tuanze na jambo moja tu: rufaa ya mjamzito.

Mifumo tunayo ya kutosha. Ipo GoTHOMIS ya kuendeshea vituo vya serikali, ipo DHIS2 inayopokea takwimu za MTUHA (taarifa za uendeshaji wa huduma za afya), ipo eLMIS ya dawa, zipo kanzidata za CTC, yaani kliniki za VVU, na madai ya bima nayo yana njia yake. Ongeza programu za miradi na za hospitali binafsi. Ukiutazama mmoja mmoja, kila mfumo unafanya kazi uliyoundiwa. Shida inaanza mtu anapotoka kituo kimoja kwenda kingine. Mjamzito anayetoka Mkwaja kule Pangani kuja Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, anasafiri na karatasi. Karatasi ikilowa au ikisahaulika nyumbani, wingi wa damu unapimwa upya, historia ya mimba zilizopita inaulizwa upya, na dawa aliyopewa kabla ya safari haijulikani. Akishajifungua, mrejesho kwenda zahanati unategemea kama yeye mwenyewe atakumbuka kuupeleka.

Tunapendekeza rufaa ianze kwa sababu ni fupi na pande zake zinajulikana. Taarifa zinazohitajika hazizidi 20: mgonjwa ni nani, ametoka kituo gani, mimba ina wiki ngapi, presha, wingi wa damu, sababu ya rufaa, dawa alizopewa na saa alizopewa, aliyemtuma ni nani. Kiwango cha kuzibebea, yaani mpangilio mmoja wa kuandika taarifa ambao mifumo yote inauelewa, kipo tayari, nacho ni FHIR cha HL7, shirika la kimataifa la viwango vya taarifa za afya, toleo la 4. Maelezo yake yote yametolewa bure na yeyote anaruhusiwa kuyatumia bila kulipia leseni. Ndani yake mgonjwa ni Patient, hudhurio ni Encounter, kipimo ni Observation, na ombi la rufaa ni ServiceRequest. Tanga isijitungie kiwango chake. Mgonjwa wa Bombo kesho anaweza kupelekwa Muhimbili, na wa Korogwe akaenda KCMC kule Moshi. Lugha ya mkoa mmoja haitamfikisha huko. Kila kituo kitambulishwe kwa namba yake ya kwenye sajili ya taifa ya vituo, si kwa jina, maana jina la zahanati moja huandikwa kwa namna tatu katika mifumo mitatu.

Penye kazi kubwa ni kumjua mgonjwa ni yupi. Wengi hukimbilia namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ni namba nzuri, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Lakini watoto wengi hawana, baadhi ya watu wazima hawana, na mwenye nayo haji nayo uchungu ukiwa umeshamshika. Namba ya faili nayo inajirudia, kwani kila kituo kina faili namba 457 yake. Dawa ya hili ni kwamba kila namba isafiri pamoja na jina la aliyeitoa: hii ni ya NIDA, hii ni faili ya kituo fulani, hii ni ya bima. FHIR ina sehemu ya kuliandika hilo tangu mwanzo, ila watengenezaji wengi huacha sehemu hiyo tupu ili kuokoa muda. Isikubaliwe tupu.

Namba zikikosekana tunarudi kwenye majina, na hapo programu za kigeni zinatuangusha. Nyingi hulinganisha majina kwa kanuni ya Soundex, iliyobuniwa kwa majina ya Kiingereza. Kanuni hiyo huacha herufi ya kwanza ilivyo na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Hamisi inakuwa H520. Khamis, ambaye anaweza kuwa mtu yuleyule, inakuwa K520, kwa hiyo mashine inasema ni wawili tofauti. Hamza naye ni H520, na mashine inamwona anafanana na Hamisi. Hadija na Khadija wanatenganishwa vivyo hivyo. Kwa mji wenye akina Khamis wengi kama wetu, kanuni hiyo haifai kuachwa peke yake. Kwanza majina yasawazishwe kwa jedwali letu (kh na h ziwe kitu kimoja, irabu ya mwisho ya Rajabu na Rajab isihesabiwe), kisha yapimwe pamoja na jina la mama, mwaka wa kuzaliwa na kijiji au mtaa. Namba ya simu isaidie tu, isiamue, kwani simu moja hutumiwa na nyumba nzima.

Mashine ipendekeze, mtu aamue. Mafaili yasiunganishwe bila mtunza kumbukumbu kukubali, na kila muunganiko uweze kufumuliwa. Mafaili mawili ya mtu mmoja ni usumbufu. Faili moja la watu wawili ni hatari, kwa sababu kundi la damu la mmoja linaandikwa kwa mwingine.

Kwenye saa na tarehe, ngazi zote mbili, ya kituo na ya mkoa, zinakosea bila kujua. Muuguzi anaandika mtoto kazaliwa saa 8 na dakika 10, usiku wa kuamkia Ijumaa. Mfumo usiojua saa za Kiswahili unapokea 08:10 ya Alhamisi, na makosa yanakuwa mawili, ya saa na ya siku. Kilicho sahihi, kama Ijumaa hiyo ni Machi 6, 2026, ni 2026-03-06T02:10:00+03:00. Muuguzi asilazimishwe kupiga hesabu hiyo. Skrini imwache achague saa kama anavyoisema, pamoja na alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, halafu imwonyeshe tarehe iliyopatikana aithibitishe. Vilevile kompyuta ya kituo itazamwe saa yake. Kibetri kidogo cha CR2032 kwenye ubao mkuu kikifa, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi, na wagonjwa wa leo wanaingia kwenye ripoti iliyofungwa zamani. Seva, yaani kompyuta kuu inayopokea taarifa za vituo, ikatae taarifa yenye tarehe ya kabla mfumo haujasimikwa kituoni.

Vipimo vya maabara visisafiri bila kizio. Sukari 7.0 kwa mmol/L ni sawa na 126 kwa mg/dL, maana unazidisha kwa 18. Anayepokea 9 bila kizio akaisoma kama mg/dL ataona mgonjwa anayekaribia kuzimia, kumbe sukari iko juu. Kila kipimo kipewe msimbo wa LOINC, orodha ya kimataifa ya misimbo ya vipimo: wingi wa damu ni 718-7, sukari ya mg/dL ni 2345-7, ya mmol/L ni 14749-6. Misimbo hiyo ni ya bure. Kwa magonjwa ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya WHO, inatosha, ila malaria iliyothibitishwa kuwa ya falciparum iende B50 na isiyotajwa aina iende B54. Zikichanganywa, takwimu za malaria za wilaya hazina maana.

Neno kuhusu Excel, kwa kuwa ndiyo njia ya mkato ya kila mtu. Haishiki zaidi ya tarakimu 15 za namba. Namba ya NIDA ikibandikwa humo bila vistari, tarakimu 5 za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi tena, na sifuri ya mwanzo ya namba ya simu inapotea. Safu hizo zifanywe za maandishi kabla ya kubandika, au bora faili lisipitie huko kabisa.

Intaneti itakatika, tulipange hilo kuwa jambo la kawaida. Zahanati iandike kwenye mashine yake kwanza, ujumbe upange foleni, uondoke mtandao ukirudi. Kosa linalojirudia ni hili: seva imepokea, mtandao umekatika kabla ya jibu, zahanati inatuma tena, na mjamzito mmoja anahesabiwa rufaa mbili. Kila ujumbe uzaliwe na kitambulisho chake kituoni, kisichobadilika hata ukitumwa mara kumi, na seva inayokiona tena ijibu kwamba inacho. Seva yenyewe si tatizo. Zipo programu huria, HAPI FHIR ikiwa mojawapo.

Mkono wako, Ndugu Mganga Mkuu, unahitajika zaidi kwenye mikataba. Mradi ukiisha, taarifa hubaki kwa aliyejenga mfumo, na anachokabidhi ni PDF au majumla ya mwezi. Mkataba useme kwamba taarifa zote za wagonjwa zitatolewa kwa FHIR toleo la 4, pamoja na maelezo ya majedwali ya kanzidata, bila malipo ya ziada, na kwamba jambo hilo litajaribiwa kila robo mwaka: nakala itolewe, iingizwe kwenye seva nyingine tupu, wagonjwa wahesabiwe pande zote mbili. Mtoa huduma asiyeweza hilo leo hataliweza siku ya kuondoka.

Kuna wanaosikia viwango huria wakadhani tunataka taarifa za wagonjwa ziwe wazi. Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ndivyo zilivyo. Vya kuwekwa wazi ni majedwali ya misimbo, orodha ya vituo, maelezo ya namna ya kuunganisha mfumo, na majumla ya mwezi. Hata majumla, penye chini ya watu 5 pafichwe. Zahanati ya kijiji kidogo ikitangaza wagonjwa wapya 2 wa ugonjwa fulani, kijiji kizima kitajua ni akina nani.

Kwa hatua za kuanzia tunaomba kikao cha siku mbili chenye Bombo, kituo kimoja cha afya, zahanati mbili za Pangani, waganga wakuu wa wilaya na watengenezaji wa mifumo inayotumika humo. Siku ya kwanza waamue wakunga na matabibu: zile taarifa 20 ni zipi, ipi ni lazima na ipi ni hiari. Siku ya pili mafundi wazitume kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kwa wagonjwa 50 wa kubuni. Wagonjwa hao wawe wakorofi kwa makusudi: pacha Kulwa na Doto wenye tarehe moja, mama mmoja na kijiji kimoja, Hamisi aliyeandikwa Khamis, mama asiye na NIDA wala simu, mtoto wa saa 8 usiku, ujumbe uliotumwa mara mbili. Mfumo utakaomuunganisha Kulwa na Doto urudishwe kwa aliyeutengeneza na usiingie kituoni. Na hata ukifaulu, fomu ya karatasi iendelee kwenda sambamba mpaka robo mwaka ipite bila rufaa kupotea.

Siku na ukumbi ni juu ya ofisi yako. Jedwali la majina, misimbo ya maabara na wagonjwa 50 wa kubuni tutakuja navyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Watunza kumbukumbu, wataalamu wa maabara na mafundi wa TEHAMA wa sekta ya afya, Tanga