Pantoni Juu ya Kichwa cha Mtoto

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka Mbagala. Mama yako hajambo, goti lake limetulia tangu mvua zipungue. Ama baada ya salamu, ile picha aliyochora mwanafunzi wako, uliyonitumia juzi, nimeiona. Simu yangu kioo kimepasuka, kwa hiyo mdogo wako aliifungua kwenye yake akaikuza, tukaitazama hadi chai ikapoa.

Huyo kijana wako wa kidato cha pili ana mkono. Kabla sijasoma maelezo yako nilishajua ile ni pantoni ya Kigamboni: mlango umeteremshwa, bajaji zimebanana, jamaa wa baiskeli yuko na tenga lake la samaki. Huyo hakukisia. Alikaa Feri akatazama. Na wewe ukamwandikia kwa kalamu nyekundu, juu ya picha yenyewe: "Mtoto mdogo mno. Mpangilio mbovu. Rudia." Halafu unaniuliza kwa nini wiki ya pili sasa haleti daftari.

Mama, nikupe kisa changu. Nilipokuwa najifunza kuchora kwa mtindo wa tingatinga, siku moja nilichora tembo, masikio yakafika mpaka ukingoni mwa ubao. Fundi wangu hakusema neno. Alichukua brashi, akayafunika kwa rangi ya nyuma, akayachora upya. Ilipendeza kweli, na jioni ileile ikauzwa. Mpaka leo sijui masikio yangu yalikuwa na kosa gani. Mwezi mzima uliofuata nilichora ndege tu, kwa sababu ndege hana masikio.

Simlaumu sana. Kazi yetu ilirithiwa kwa kukaa ubavuni mwa mtu na kutazama. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza kuchora mwaka 1968 na kufikia 1972 alikuwa ameshafariki, ila waliokaa naye wakaendelea. Na mbao zile za mwanzo mpangilio wake haukuwa na maneno mengi: mnyama mmoja, ajaze ubao, basi. Picha ya hadithi ni kazi nyingine. Pale lazima mtu ajue aanze kutazama wapi na aishie wapi.

Sasa hadithi ya kijana wako inasemaje? Mtoto kaachwa na pantoni, kuku kwapani, mama yake yuko ng'ambo. Wewe unataka amkuze mtoto. Mimi hapo sikubaliani nawe. Udogo wake ndio hadithi yenyewe. Tafuta picha ya wimbi kubwa la Kanagawa, ya Mjapani Katsushika Hokusai, iliyochapwa karibu mwaka 1831. Mlima Fuji, mrefu kuliko yote nchini kwao, mita 3,776, kauchora mdogo kule nyuma, wimbi limeuinamia kama linataka kuumeza. Lakini macho yanaufikia, kwa sababu mgongo wa wimbi unayateremsha hadi pale na mlima una nafasi yake, haujabanwa na kitu.

Mtoto wa kijana wako hana nafasi hiyo. Ncha ya mlango wa pantoni imegusa utosi wake sawasawa, kwa hiyo jicho linavisoma vitu viwili kuwa kimoja. Mdogo wako alicheka akasema, "Baba, kavaa pantoni kama kofia." Halafu mtoto anatazama ukingo wa kushoto wa karatasi, nasi tunatoka naye picha haijaisha. Anayeitazama pantoni ni kuku peke yake! Akimshusha mtoto vidole viwili, akamwachia maji matupu katikati yake na chombo, udogo uleule utaanza kuuma.

Lakini usimwambie hivyo. Haya nimekwambia wewe.

Mwite peke yake, si mbele ya darasa. Usianze na "nzuri, lakini", maana watoto wameshazoea kusikia lakini tu. Mweleze macho yako yalivyotembea: "Nilianzia kwenye bajaji, nikapita kwa huyu wa samaki, nikatoka juu. Mtoto nilimwona mwisho kabisa. Wewe ulitaka nimwone wakati gani?" Kisha nyamaza. Nakujua, kunyamaza ni kazi kwako, umerithi kwa bibi yako. Huenda akakujibu kwamba alitaka aonekane mwisho, na hapo mna mazungumzo mengine kabisa.

Akikwama, kata boksi la biskuti upate vipande viwili vyenye umbo la herufi L. Viunganishe viwe fremu, avisogeze mwenyewe juu ya picha, abane, aachie, aone pantoni ikikatwa nusu inakuwaje. Kisha achore vipicha vinne au vitano vidogo kama kiberiti, bila bajaji, bila nyuso, vivuli vya maumbo tu. Kwenye kiberiti huwezi kujificha nyuma ya madirisha na matairi. Kalamu yako isiguse karatasi yake hata kidogo. Ukitaka kumwonyesha kitu, chora kwenye karatasi yako.

Vidole vya mtoto vimekaa kama karoti, nimeviona. Viache kwanza. Ukimpa makosa sita kwa siku moja atarekebisha lile jepesi, atakuletea vidole vizuri na pantoni ikiwa bado kichwani.

Na lile neno "Rudia" mwombe radhi. Mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi haivunji cheo. Picha ya kwanza asiichane, hata kama ina wekundu wako. Ataihitaji kuiweka kando ya ile mpya.

Akija, muulize kama yule kuku alimgeuzia pantoni makusudi, uniambie alichojibu. Mdogo wako ameweka dau la soda kwamba ni bahati mbaya, mimi nimekataa.

Mama yako anauliza kama sweta limefika.

Baba yako